Mashine Zilizosahau Njia

Mwaka 2001 Adélaïde alikuwa mwanamke pekee niliyemjua Bujumbura nzima aliyeweza kuiandikia kompyuta amri, nayo ikatii. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, na nasema bila aibu kwamba nilikuwa namwogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa daktari. Aliishi mtaa wa Musaga. Kuna asubuhi barabara ilifungwa kwa sababu ya risasi, naye akafika na vumbi hadi magotini, akafuta ubao, akaanza somo kana kwamba ametoka nyumba ya pili.

Alitufundisha Java, lugha ya kuandikia programu, katika chumba kimoja nyuma ya soko. Mashine zilikuwa za Bwana Herménégilde, tajiri wa mtaa wa Kiriri, ambaye hakupenda kuona mali yake imekaa bure. Na siku hizo ilikaa bure kweli. Kila umeme ulipokatika na kurudi, tukiandika javac, jina la chombo kinachogeuza maandishi yetu kuwa programu, kioo kilitujibu kwa Kifaransa kwamba amri hiyo haijulikani. Adélaïde alipita mashine moja moja akiandika upya mstari wa PATH, yaani njia, ule unaoieleza mashine ikatafute wapi vyombo vyake. Akifika ya mwisho, umeme unakwenda tena.

Herménégilde akachoka.

"Madame, vendredi nakuja kuona," alisema, akimaanisha Ijumaa. "Kama programu haitembee, nafunga hii kozi. Mashine zitaandika barua za watu, na we utarudi dactylo."

Kuchapa barua za wakubwa ndiyo kazi aliyokuwa ameiacha, na aliichukia.

Darasani kila mtu alikuwa na dawa yake. Hamissi, fundi umeme, alikuwa na hakika kuliko wote. "Mi nasema ni courant," alisema, yaani umeme wenyewe. "Ikirudi na nguvu, inakula programu." Akaleta stabilisateur, kifaa cha kutuliza nguvu ya umeme, nzito kama jiwe la kusagia, na sote tukamwamini. Nani asingemwamini? Umeme wa mji wetu ulikwisha kuua friji na redio nyumba kwa nyumba. Ungeshindwaje kumeza kitu kidogo kama javac?

Alhamisi umeme ukakatika, ukarudi, na stabilisateur ya Hamissi haikusaidia lolote. Safari hii Adélaïde hakuandika chochote. Alivuta kiti, akafungua kwenye kioo kabati za ndani ya mashine, yaani mafolda ya kuhifadhia faili, moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka akaikuta javac imetulia mahali alipoiweka.

"Iko," alisema. "Haikukufa. Haikuhama."

Akamgeukia fundi wetu.

"Courant haina kosa, Hamissi. Mi naandika njia mu hii dirisha nyeusi. Mashine ikizimika, dirisha inaenda na maneno yangu yote."

Basi akatafuta faili dogo ambalo mashine hulisoma yenyewe kila inapoamka. Humo, bila kugusa njia za zamani, akaongeza mwishoni njia ya kwenda kwenye javac, akahifadhi. Mstari mmoja tu! Akafanya vivyo hivyo kwenye mashine zote, na mimi nikamfuata nyuma nikitazama vidole vyake, kinywa wazi kama mjinga.

Ijumaa Herménégilde alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Adélaïde alimsalimu, kisha akamwomba Hamissi akate umeme wa chumba kizima. Vioo vikawa vyeusi. Akamwambia awashe. Mashine zikaamka, na yeye akaweka mikono nyuma, asiguse hata moja.

Tukaandika javac. Hakuna kioo kilicholalamika. Programu yangu ikaandika jina la mama yangu, kama nilivyoiagiza, nami nikalisoma mara mbili. Miaka ile ya vita, jioni uliacha nyumba, uliacha jirani, na asubuhi hukujua utakuta nini. Mashine hizi zilikuwa zimezimwa kabisa, nazo zimeamka zikijua kila kitu kiko wapi.

"Sawa," alisema Herménégilde. "Kozi inaendelea."

Sidhani kama Adélaïde alimsikia. Alikuwa akivitazama vile vioo, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Hamissi," alisema, "zima tena."