Nilichoacha Kwenye Chumba Kitupu

Nilikuwa nimeangalia vyumba tisa mjini Voi. Kile nilichokipenda bei ilinishinda. Kile nilichokiweza hakikuwa na hata dirisha. Rafiki aliyenihifadhi alikuwa anahama Jumapili, na Jumatatu nilitakiwa kuripoti kazini na vyeti vyangu halisi. Kwa hiyo nilipopata chumba cha kumi, cha ukuta wa mawe na kodi ninayoiweza, sikuamini bahati yangu, nikaanza kukitafutia ubaya. Nilinusa pembe. Nilihesabu mitungi iliyopangwa kwenye mfereji. Nilifungua dirisha mara tatu.

Mama anayesimamia ploti ile ya vyumba vya kupanga alinitazama tu. Kisha akanieleza kwamba kuna dereva anayehama kutoka Miasenyi siku hiyo hiyo, na kwamba yeye hamshikii mtu chumba kwa maneno. Chumba ni cha aliyeweka kitu ndani. Godoro, jiko, hata ndoo.

Godoro langu lilikuwa kwa rafiki, ng'ambo ya mji. Mkononi nilikuwa na faili tu. Nililiweka katikati ya sakafu, mama akafunga mlango kwa kufuli lake, nikaondoka.

Nilipofika barabarani ndipo nikaelewa nilichofanya. Digrii yangu ilikuwa humo, na cheti cha kuzaliwa. Yule mama sikumjua hata jina. Nikirudi kuchukua faili, chumba kimekwenda. Nikiliacha, je, dereva akilitupa nje? Nilisimama pale mpaka mwendesha bodaboda akaniuliza kama nimepotea.

Niliporudi nimekumbatia godoro, pikapu ilikuwa langoni na kufuli lilikuwa limefunguliwa. Dereva alisimama na kitanda chake, akilalamika kwamba karatasi si vyombo. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa chumba, faili mapajani.

"Ndoo ningesema ameisahau," alikuwa anamwambia. "Lakini hizi lazima angezirudia. Si huyo?"

Dereva aliniangalia, akaangalia godoro, akakirudisha kitanda chake kwenye pikapu.

Mama akanipa faili. Ningepaswa kushukuru tu, niingie. Badala yake nilivihesabu vyeti mbele yake, kisha nikavihesabu tena. Nilipoinua macho, alikuwa bado ananitazama.

"Kuna kilichopungua?"

"Hakuna, mama."

Akanikabidhi ufunguo. Ni miezi sasa, na kila nikiinama kwenye mfereji kuteka maji, huniuliza hivyo hivyo kutoka mlangoni kwake, kwa sauti ambayo majirani wote wanaisikia.