Darubini ya Majini na Neno Langu

Nilikuwa dukani hapa Shinyanga mjini, nikisubiri kupimiwa kitambaa cha suruali, redio ya mwenye duka ilipoanza kusoma matangazo ya vifo. Habari ziwafikie ndugu na jamaa walioko Didia, Geita na Ushirombo, ilisema, kwamba fundi redio fulani amefariki dunia na mazishi yatafanyika kesho alasiri. Mwenye duka, ambaye babu yake ndiye aliyevuka bahari kutoka Bara Hindi, akaweka futi yake mezani. "Arre, bwana, huyo si fundi wetu? Redio hii hii unayoisikia aliifungua yeye." Nikamjibu kwamba ndiye. Tangazo halikusema uongo, maana miaka yake ya mwisho alitengeneza redio. Lakini liliniuma, nikatoka bila kitambaa. Jina lake sitalitaja, kwa desturi ya safu hii, na pia kwa sababu kuna watu kule machimboni ambao bado wakilisikia hutema mate.

Kabla ya kuwa fundi redio, rafiki yangu huyu alikuwa mwalimu wa fizikia, na kabla ya hapo alikuwa ng'ambo, mtoto wa mkulima wa pamba wa Didia akiwa miongoni mwa wataalamu waliobuni darubini ya kuzamishwa baharini. Msomaji asishangae, mimi nilishangaa kwa niaba yetu sote. Nilimtania kwamba kwetu Pangani ukisema darubini ya majini watu watadhani umeongea na mganga. Akacheka, kisha akanipeleka kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Akafunga vibuyu vitatu kwenye kamba, kimoja juu ya kingine, akafunga jiwe mwishoni, akatupa vyote majini. Jiwe likazama, vibuyu vikataka kuelea, na kamba ikasimama wima chini ya maji bila kushikwa na mtu. "Ndiyo hiyo," akasema. "Badala ya vibuyu weka matufe ya kioo kinene, ndani ya kila tufe jicho la umeme, na badala ya lambo weka bahari yenye kina cha kutisha."

Kilichotafutwa na macho hayo kinaitwa nyutrino. Ni vitu vidogo kupita kiasi vinavyotoka kwenye jua na nyota za mbali. Vinapenya dunia nzima kama haipo, vinanipenya mimi na wewe na mbuzi wa jirani, wala hakuna anayedhurika. Mara chache mno kimoja hugonga maji, na hapo hutokea mwanga hafifu wa buluu ambao jicho la umeme laweza kuuona, mradi pawe na giza totoro. Kwa hiyo darubini hii haitazami juu. Inatazama chini, ikingoja kinachopanda kutoka upande wa pili wa dunia. Nilimuuliza kama hilo si wazimu. Akasema wazimu ni kuitengeneza: kioo kinapondwa na uzito wa maji, viungo vya nyaya vinavuja, na bahari yenyewe inang'aa, kwa sababu ya chumvi yake na viumbe wake, hata jicho lisijue limeona nini. Wenzake walibaki wakihangaika na mng'ao huo. Yeye alirudi nyumbani baba yake alipofariki, akapangiwa kufundisha.

Hakuacha kuwaza. Aliwaandikia wenzake kwamba jicho lao lipimwe kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi wala samaki, na kwamba yeye anayajua maji hayo yalipo. Upande wa Rwamgasa kulikuwa na shimo la mgodi wa zamani, lililofungwa na kujaa maji, giza lake mchana ni lile lile la usiku. Wakamtumia tufe moja ndani ya sanduku la mbao. Siku lilipofika alilipakata kutoka stesheni hadi nyumbani, hakukubali nimsaidie. Kipimo kile kikitoka vizuri, alisema, mchoro wa darubini utabadilika, na yeye ataitwa arudi kuijenga. Hilo ndilo alilolitaka duniani kuliko kitu kingine, na hakulificha.

Basi ilipasa kuwaeleza wanakijiji, maana shimo lilikuwa kwao. Akanijia mimi, niliyekuwa karani wa habari, nimwandikie maelezo ya Kiswahili yatakayosomwa kwenye mkutano na kubandikwa ofisini. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, Kisukuma kikichungulia kila mahali, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na kiburi cha mtu wa pwani. Alikuwa tayari na jina lake la nyutrino: wapita njia. "Wanapita, hawabishi hodi, hawali, hawalali," alinieleza. Nikamkatalia. Nikamwambia hicho si Kiswahili cha kitaalamu, kwamba kitu kisicho na uhai hakiwi mpita njia, ngeli yenyewe itachekwa. Nikaandika "chembe". Niliandika kwamba mwalimu anatafuta chembe zinazotoka chini na kupenya mwamba. Akasoma, akasita, akasema, "Wewe ndiye mwenye lugha."

Wanasayansi husema chembe, na kamusi inasema chembe, sikukosea kitu. Ila kule machimboni ukitamka chembe peke yake hakuna anayeuliza chembe za nini. Ni za dhahabu. Mimi sikulijua hilo kwa sababu sikuwa nimekwenda kuuliza, na mtoto wa Didia hakulijua kwa sababu kwao wanachimba mihogo. Mwenyekiti wa kijiji alisoma karatasi yangu kwa sauti, na mkutano ukanyamaza kwa namna ambayo mimi, mjinga, niliidhania ni heshima. Mama mmoja muuza uji akasimama. "Shikamoo mwalimu. Hizo chembe ukizipata, unazipeleka wapi?"

"Marahaba, mama. Sizipeleki popote. Nazihesabu tu, zinapita zinakwenda zao."

Watu wakaangua kicheko. Mchimbaji mmoja, mtu wa makamo aliyevaa koti la mvua juani, akapaza sauti: "Ng'wanawane, mwanangu, tangu lini mtu akaona chembe akaiacha ipite?" Mwalimu naye akacheka, akidhani anataniwa kama ninavyomtania mimi. Nikacheka pia.

Siku ya tatu ya kazi alikwenda Katoro kutafuta betri, akiacha tufe lake likining'inia ndani ya shimo. Wachimbaji walikuwa wamemtazama siku zote mbili akishusha kioo, akisikiliza chombo chake, akiandika. Kwao jambo lilikuwa wazi: kioo kinanusa, na pale kilipotulia ndipo penye mali. Mchana ule watatu waliteremka kwa kuifuata kamba yake hadi usawa wa maji. Magogo ya zamani yaliyoshikilia ukuta yakaachia. Wawili walitolewa wamevunjika. Wa tatu alikuwa yule mwenye koti la mvua, na alitolewa kesho yake akiwa maiti. Tufe halikuonekana tena.

Shimo likazibwa kwa amri. Mwalimu akahojiwa, akaachiwa, akaondolewa kazini kimya kimya. Kutoka ng'ambo zilikuja barua mbili, kisha hazikuja. Watu wakasema aliwadanganya watu wa machimboni kwa chembe, msomi aliyetumia maisha ya wachimbaji kujaribia mashine yake. Nilikuwa nikiyasikia hayo vilabuni na misibani, nami nanyamaza. Karatasi ile haikuwa na jina langu. Siku moja tu nilithubutu kumwambia kwamba neno lile lilikuwa kosa. Alikuwa ameinamia redio ya mtu, waya mdomoni. "Neno lilikuwa zuri," akasema. "Ni sisi hatukwenda kuliuliza lina kazi gani kule." Alisema sisi. Sikupata usingizi kwa sababu ya hiyo "sisi", maana yeye alitaka wapita njia.

Tunasifiana sana siku hizi kwa kuikuza lugha. Tunakaa mezani, tunachagua neno, tunalipeleka kwa wakulima na wachimbaji kama tunavyopeleka mbegu, na wakilielewa vingine tunasema hawajaelimika. Usilolijua ni usiku wa giza, tunawaambia. Lakini pale Rwamgasa aliyekuwa gizani nilikuwa mimi. Wale watu walikuwa na lugha kamili ya kazi yao, na nilitupa ndani yake neno lenye uzito wa mtu kufa, kisha nikarudi ofisini nikanywa chai. Nina hasira na jambo hili, na sina wa kumwelekezea isipokuwa mimi mwenyewe.

Nilikwenda Didia kuzika. Waombolezaji walikuwa wachache, wengi wao wateja wa redio. Baada ya udongo kushindiliwa nilimfuata mjane wake alipokaa na wakwe zake, nikapiga goti, nikamwambia yote: kwamba wapita njia lilikuwa neno la mumewe, kwamba chembe niliandika mimi kwa mkono wangu, kwamba niliwaacha watu wamlaumu yeye. Nilitaraji machozi au matusi, na vyote viwili vingenifaa.

"Nimekusikia, baba," akasema. "Sasa mimi nifanyeje nalo? Ungewaambia waliomlaumu alipokuwa hai, mkiwa mji mmoja."

Nikainuka, nikajipangusa udongo gotini. Ninaloweza kumpa msomaji ni hili tu: ukweli wa kumsafisha mtu una wakati wake, na wakati huo ni pale angali anaweza kutembea nao barabarani akiwa ameinua kichwa. Ukishapita, unayeusema unajisafisha mwenyewe.