Mtoto Ajione Kitabuni

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kule kisiwani Nansio ninayoikumbuka hata nikiwa nasinzia kwenye kiti hiki hapa Mkuyuni. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, maji yakisikika kwa mbali kama mtu anayefua taratibu, na watoto wangu wa darasa la kwanza wamekaa chini kuzunguka sanduku la vitabu vya picha. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye maringo, wee usicheke, na sanduku lile ndilo lilikuwa fahari yangu. Vilikuwa vitabu vya msaada, vinang'aa, na hakuna aliyevishika kabla ya kunawa.

Mchezo wao unaujua, hata wewe uliucheza. Ukurasa ukifunguliwa, anayewahi kuipiga picha kwa kiganja anasema, "Huyu mimi!" Ni wake mpaka ukurasa ufungwe. Walijigawia sungura, paka, hata treni. Watu wa mle walikuwa wa mbali, nywele za njano, wamesimama kwenye theluji, na hao hawakuwa na mwenyewe.

Asubuhi hiyo watu hao wakampa Kabula. Kabula alizaliwa na ualbino, akalelewa na bibi yake muuza dagaa. Wenzake wakamwonyesha msichana wa kwenye theluji: "Kabula, huyu wewe! Na huyu mama yako!" Hawakuwa na ubaya jamani, walikuwa wanamtafutia nafasi mchezoni. Kabula akautazama ule ukurasa muda mrefu. Nikadhani amefurahi.

Baadaye akaanza kutoroka. Meli ya kutoka Mwanza ikipiga honi, Kabula hayupo. Nikasema moyoni, mtoto anapenda meli, nani asiyependa? Mpaka bibi yake alipokuja kusimama mlangoni, kitenge kinanuka dagaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwalimu, umemfundisha nini mjukuu wangu?"

Nikaanza habari za irabu. Akanikatiza.

"Anakwenda gatini kungoja watu wake. Ananiuliza mama yake wa kwenye kitabu atashuka lini. Mimi niliyemzaa mama yake! Anadhani niliachiwa nimtunze tu. Siku akitokea mtu akamwambia njoo nikupeleke kwenu, si atamfuata? Na wewe unajua watu walivyo."

Nilijua, mwanangu. Walikuwapo waliowawinda watoto kama yeye kwa ajili ya uganga.

Akalitazama sanduku langu. "Vitabu vyako vizuri. Ila sisi humo hatumo. Tuweke."

Jumamosi nikapanda meli mpaka Mwanza, hapa hapa Mkuyuni, kwa mdogo wangu Elias aliyekuwa akichora mitindo ya nywele kwenye milango ya saluni. "Dada, mimi nachora vichwa tu," akasema. Nikamwambia, basi leo utachora na miguu. Tukakata maboksi ya sabuni, tukayashona kwa uzi wa nyavu yakawa kitabu. Akachora bibi mweusi tii anaanika dagaa, na mjukuu wake mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu, anafukuza kunguru kwa ufagio, anacheka mpaka pengo linaonekana. Hakuna aliyemwonea huruma mle, wala hamfundishi mtu adabu. Anafukuza kunguru, basi. Pembeni mtoto wa dukani kwa Wahindi anagombania muwa na mwenzake anayetembelea magongo.

Sikumpa Kabula mkononi. Nilikichanganya na vile vingine sandukuni, nikajifanya nafuta ubao. Mwanga wa jua ulikuwa umeingia kutoka ziwani, unachezacheza darini, darasa zima kama limeota ndoto moja. Honi ikalia. Kabula akainuka.

Wakati huohuo Sospeter, mweusi kuliko wote darasani, akafungua kitabu cha maboksi. Loo, ule ufagio na kunguru! Akapiga kiganja: "Huyu mimi!"

Kabula aligeuka akiwa mlangoni. Akaangalia. Akarudi mbio.

"Toka hapo, Sospeter! Huyo mimi! Na huyo bibi yangu!"

"Nimewahi!"

"Umewahi nini? Bibi yangu huyo!"

Wakavutana mpaka gamba likachanika. Mwalimu mzima nikasimama pale nalia, sikuwaamulia. Honi ililia mara ya pili na hakuna aliyekwenda popote.

Sasa umekuja kuniuliza vitabu gani uweke darasani kwako. Weka vya mbali, usivitupe, theluji nayo ni ya kuota. Lakini kabla hujaliita sanduku limejaa, kaa chini uwatazame watoto wako mmoja mmoja, yule wa mwaloni kwa wavuvi, wa dukani, wa magongo, anayeficha mkono, anayelelewa na bibi. Asiyemo, mtafute. Ukimkosa madukani, mchore. Na usimchore analia ili wenzake wajifunze huruma. Mpe ufagio, mpe kunguru, mpe kitu ambacho Sospeter atakitamani. Kisha kitabu hicho usikifanye cha mtoto mmoja, kichanganye, wakigombanie.

Kabula sasa ni mama. Kile kitabu anacho yeye, na wanawe nasikia bado wanavutana nacho.

Haya, nenda, watoto wanakungoja. Mungu akubarikie mikono na macho yako, na kila atakayefungua kitabu cha darasani kwako ajikute yuko kwao.