Kijana Mzima wa Anyona

Anyona wa Kebirigo alikuwa akinunua dawa Kisumu. Kisii mjini maduka ya dawa yapo kila kona, na Nyamira pia yapo, lakini miji hiyo miwili ina kasoro moja kubwa: imejaa Wakisii. Mtu hawezi kukaa kwenye benchi la kliniki ya akili bila kusalimiwa na shemeji. Basi tangu mwanawe Lewis aanze kusikia sauti, akiwa kidato cha kwanza, Anyona alikuwa akiaga kwamba anakwenda kutazama ng'ombe wa maziwa, na kurudi jioni na vidonge mfukoni, bila ng'ombe. Majirani walijifanya kuamini kwamba ni mnunuzi mgumu sana.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima wa majani chai na shemasi wa kanisa la Sabato, na alikuwa na binti, Joyline, na hapo ndipo penye shida. Kwa Wakisii msichana hachumbiwi peke yake. Anachumbiwa pamoja na damu yake. Upande wa mume humtuma esigani, mpelelezi wa ndoa, azunguke kwa majirani akiuliza kama boma lile lina uchawi, kifafa au wazimu. Wizi husameheka. Ulevi pia, maana bila hivyo watu wangeoa wapi? Lakini wazimu ukitajwa tu, wageni hukumbuka kwamba wameacha mlango wazi nyumbani.

Mwaka huo mwalimu mmoja kijana wa Nyamache akaonyesha nia. Anyona akapita kwa majirani, kila mmoja na mkungu wake wa ndizi, akiwaomba waseme vizuri. Hawakuuliza waseme vizuri kuhusu nini. Kisha akafanya jambo ambalo mkewe, Phanice, alimkataza waziwazi: akamwachisha Lewis dawa. Vidonge vilimkaza kijana shingo na kumtoa mate, na Anyona alitaka esigani akute mtu mwenye shingo ya kawaida.

"Ni kwa muda mfupi tu," alimwambia mkewe. Akamfundisha Lewis jibu la kuwapa wageni, naye Lewis, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, akalikariri siku ile ile.

Esigani alichelewa. Lewis hakuchelewa. Alichoma banda la kununulia majani chai kwa sababu mzani uliokuwa ndani ulikuwa ukimsengenya kwa wakulima. Hakuna aliyeumia. Polisi walimkuta ameketi kando akiota moto, wakamchukua, akapelekwa rumande ya watoto.

Hakimu wa mahakama ya watoto pale Nyamira akaagiza uchunguzi wa nyumbani. Kama kijana alichoma kwa ugonjwa, angepelekwa hospitali atibiwe, kisha arudi kwao. Kama alichoma kwa akili yake mwenyewe, ilikuwepo shule ya kurekebisha tabia, mbali, miaka mitatu, ambako hakuna mtu angejua kwamba kelele zake zina dawa. Anyona aliyaelewa hayo vizuri kabisa. Lakini afisa wa probesheni alipofika kwake, binti mpole aitwaye Linda, Joyline ndiye aliyekuwa akimimina chai, na kila Anyona alipofungua mdomo alisema habari za mvua. Alijiambia kwamba majirani watamsaidia kusema. Alisahau kwamba alikuwa amewalipa.

Linda akaenda kwa Mama Marion, jirani wa karibu.

"Mama, mimi natoka mahakamani. Naulizia boma la Mzee Anyona."

Mama Marion alimtazama kuanzia viatu hadi mkoba, akamwelewa mara moja. Esigani hodari haji akijitaja.

"Karibu, mwanangu. Hiyo boma ni safi. Hakuna kifafa, hakuna uchawi."

Linda hakuwa ameuliza habari za uchawi. "Na Lewis?"

"Hiyo kijana? Akili yake iko sawa kabisa. Inaweza kushinda hata yako."

"Mbona alichoma banda?"

"Ni utundu tu. Alijua vizuri chenye anafanya."

Nyumba zilizofuata zilisema vivyo hivyo. Wengine waliongeza kwamba kijana alikuwa mzuri wa hesabu. Jioni Mama Marion akampigia Anyona simu kumpongeza. Esigani amekuja, ameondoka amefurahi. Anyona akamwuliza huyo esigani alikuwa amevaa vipi. Alipoambiwa alikuwa na kitambulisho cha kazi shingoni, alikaa kitako palipokuwa na matope.

Angeweza kumfuata Linda kesho yake. Hakwenda. Wala keshokutwa. Aliogopa, basi. Aliendelea kuogopa hadi siku ya kesi.

Kesi ya mtoto husikilizwa mlango umefungwa, kwa hiyo chumbani walikuwa wachache. Phanice alikuwa na Joyline, aliyevaa gauni aliloshonesha kwa ajili ya wageni wa Nyamache kwa kuwa hakuwa na jingine zuri. Linda akasoma ripoti: familia thabiti, hakuna historia ya ugonjwa, kijana alijua alichokuwa akifanya. Hakimu akamgeukia Lewis, aliyekuwa amekonda, vidole vikimcheza.

"Lewis, unajisikiaje?"

"Mimi ni mzima, tunamshukuru Mungu," alisema Lewis. "Karibu chai."

Anyona akalitambua jibu alilomfundisha yeye mwenyewe, akaona aibu. Hakimu akauliza kama mzazi ana neno. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Karatasi zote zilikuwa upande wake. Akasimama bila kumtazama Joyline.

"Mheshimiwa, huyu mtoto ni mgonjwa wa akili. Ni miaka mitatu sasa. Majirani walidanganya, na ni mimi niliwatuma. Dawa pia, ni mimi nilimwachisha."

"Kwa nini, mzee?"

"Niko na msichana wa kuolewa."

Hakimu, aliyekuwa mtu wa huku huku, hakuuliza zaidi. Akaagiza Lewis apelekwe hospitali akapimwe, na Linda arudi kwa majirani, safari hii na chifu. Kwa hiyo kufikia jioni habari zilikuwa zimeshafika Nyamache, na mwalimu hakupiga simu tena. Joyline alilia, na kwa muda mrefu hakumsemesha babake ila kumwambia chakula kiko mezani. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Pale mahakamani, Lewis alikuwa amegeuka.

"Tata, umewaambia?" akamwuliza babake.

"Nimewaambia."

Lewis akafikiri. "Basi na mimi naweza kusema?"

 Anyona akaitikia kwa kichwa.

Lewis akamgeukia hakimu, akaanza na sauti ya kwanza, ile iliyomjia darasani, na jinsi ilivyomtukana mamake. Kisha ya pili. Kisha ya mzani. Askari akainuka amnyamazishe, hakimu akamwashiria akae. Kijana alisema mpaka koo likamkauka, akaletewa maji, akaendelea, na Anyona, aliyekula naye meza moja miaka yote hiyo, alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.