Mstari Mwekundu Kwa Kinyozi

Ilianza Alhamisi saa tisa na nusu alasiri, Madam Wairimu aliponikabidhi GPS, kadude ka mkononi kanakojua mahali ulipo. Yeye huzunguka shule mbalimbali akifundisha jiografia kwa ramani za kompyuta, na mimi nikimaliza shule nataka kazi kama hiyo. Alisema atakayechora vizuri maduka ya mtaa wetu wa Waithaka ataandamana naye likizoni kufundisha shule nyingine.

Nilidhani kale kadude hukumbuka tu mahali unapobonyeza. Nikabonyeza kwa bucha, kwa posho mill ya kusaga mahindi, kwa duka la dawa. Kwa kinyozi sikubonyeza, maana Otieno humsaidia babake hapo, na nikimwona ulimi hunikauka. Nilipita tu. Nikarudi. Nikapita tena, nikijifanya nimeangusha kitu.

Jana Madam alimulika ramani yangu ukutani, klabu yetu yote ya jiografia ikitazama. Kumbe kadude kaliandika kila hatua! Mstari mwekundu ulitoka kwa bucha vizuri, ukafika kwa kinyozi, ukajizungusha hadi ukafanana na kiota cha ndege.

"Njeri, hapa ulipotea?"

"Hakupotea, Madam," Achieng' akadakia. "Hapo ni kwa kina Otieno!"

Walicheka hadi wakagonga madawati. Nilijifunika uso kwa atlasi.

Madam pia alicheka. "Ramani ni nzuri, lakini duka hilo halina jina. Niletee jina, tupange likizo."

Leo asubuhi nilienda, nikasimama mlangoni.

"Sasa, Otieno," nikasema. "Kinyozi yenu inaitwaje?"