Blogu ya Mto na Makufuli ya Damien

Noelene Pascoe aliendesha basi la shule la Mullabong kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo hakuacha mtoto hata mmoja ng'ambo ya maji. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kando ya Mto Wyan, kaskazini mwa New South Wales, akaolewa shamba la pili kutoka hapo. Mumewe alipofariki na mashamba yote mawili kuuzwa, alihamia nyumba ya mbao juu ya kilima nyuma ya kanisa, yeye na mbwa wake Biscuit. Basi akaliacha, lakini mto hakuuacha.

Kila asubuhi alishuka hadi kwenye nguzo za vipimo chini ya daraja, akasoma kimo cha maji, akampigia simu Merv Stapleton, mzee mwenye shamba la juu kabisa bondeni, kisha akaandika mistari mitatu kwenye blogu yake aliyoiita Mto Leo. "Mita moja nukta nane. Unashuka. Ng'ombe wa Merv wamevuka bila kulowa matumbo." Basi. Hakuweka picha za machweo wala ushauri wa maisha. Watu mia nne na kumi na mbili walikuwa wakiifungua kila siku kabla ya kukamua, na wengi wao hawakuwa wakisoma kitu kingine chochote isipokuwa maandishi ya kwenye magunia ya chakula cha mifugo.

Msiba ulianza Jumamosi moja ya Oktoba, jua kali, mto umelala kama paka. Walioifungua Mto Leo walikuta matangazo ya vidonge vya kupunguza tumbo, na juu yake maandishi makubwa mekundu: mto umefika mita tisa. Dulcie Brennock, mjane wa Barabara ya Chini iliyo kando ya mto, ambaye hakuwahi kukosa kusoma hata siku moja, alipakia kuku wake kumi na wanne kwenye gari, akaja nao mpaka ukumbi wa mji, akakaa humo na kuku wake kwa saa tatu akingoja maji ambayo hayakuwa na habari naye.

Jinsi mwizi aliyeiteka blogu alivyoingia haikuhitaji mpelelezi. Neno la siri la blogu lilikuwa Biscuit1. Jina la mbwa huyo lilikuwa limeandikwa kwenye blogu hiyohiyo mara zisizohesabika. Noelene aliposikia, aliona aibu. Mtu aliyewafokea watoto miaka ishirini na saba wafunge mikanda alikuwa ameacha mlango wa nyumba yake umeegeshwa tu.

Hapo ndipo Damien Hollis alipoingia.

Damien alikuwa amehamia Mullabong kutoka Sydney miaka miwili kabla, na mpaka leo hakuna anayejua hasa huko alikuwa akifanya kazi gani. Yeye husema alikuwa "mtu wa mifumo". Alivaa fulana ya polo yenye nembo ya kampuni isiyokuwepo tena, na alikuwa na tabia ya kuinua kidole kabla ya kusema, kana kwamba anamwomba ruhusa mwalimu ambaye angebahatika kumsikia. Kamati ya mafuriko ilipokutana ukumbini, kuna skonzi na jamu mezani na kinyesi cha kuku bado kwenye zulia, kidole kilipanda.

"Usalama ni matabaka, Noelene," alisema. "Kama kitunguu."

"Kitunguu kinaliza watu, Damien."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa cha upande mmoja. Dulcie alikuwa ameketi mstari wa mbele na hakucheka. Noelene alimwona. Aibu ikafanya kazi ambayo akili ingekataa kuifanya: akampa Damien funguo zote za blogu.

Damien akajenga. Loo, alijenga! Kwanza, kila msomaji ajiandikishe kwa jina kamili. Pili, neno la siri lisipungue herufi kumi na nne, liwe na namba, herufi kubwa na alama ya ajabu, na libadilishwe kila mwezi. Ukishaliweka, unatumiwa namba kwenye simu ya mkononi, uiandike ndani ya dakika mbili. Barabara ya Chini haina mtandao wa simu. Intaneti yao inatoka kwenye madishi ya setilaiti yaliyo juu ya paa. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujua kimo cha mto unaopita nyuma ya choo chake alilazimika kupanda na simu mpaka kwenye tangi la maji kilimani, aipate namba, kisha ateremke mbio kama anafukuzwa na nyuki ili aiwahi kompyuta. Gavin Pruett, mwenye ng'ombe sabini na mmoja, alijaribu mara mbili, akateguka kifundo cha mguu, akaacha.

Na ukifika hapo bado. Zinakuja picha tisa, unaambiwa uchague zenye taa za kuongozea magari. Mullabong haina taa za kuongozea magari. Ina njia panda moja, na mwenye trekta kubwa ndiye anayepita kwanza.

"Hii ni kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu," Damien alieleza.

"Nina miaka themanini na moja," alisema Dulcie. "Mashine ndiyo ya kuniuliza hivyo?"

Ukikosea mara tatu unafungiwa mpaka kesho yake. Mwisho wa Januari wasomaji walikuwa thelathini na tisa, na Damien alisimama mbele ya kamati na mchoro wa rangi, akatangaza kwamba kwa miezi mitatu hakuna mvamizi hata mmoja aliyeingia.

"Hakuna aliyeingia, ni kweli," Noelene alijibu. "Hata wenye mto hawajaingia."

"Watazoea. Tatizo la usalama siku zote ni watumiaji, siyo mfumo."

Angeweza kubishana. Alijua kabisa kwamba blogu isiyosomwa haina tofauti na daftari lililo chini ya godoro. Lakini kila alipofungua mdomo alimwona Dulcie na kuku wake, na maneno yakarudi tumboni. Akaendelea kushuka darajani kila asubuhi, akaandika mistari yake mitatu, akawaandikia watu thelathini na tisa ambao wengi wao walikaa milimani na hawakuwa na haja nayo.

Mvua ya Machi ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne, saa nne asubuhi, Merv alipiga simu.

"Noelene, unapanda sentimita arobaini kwa saa. Daraja la Tucker limeshazama. Nimeona tangi la mtu linapita hapa, na mbuzi yuko juu yake."

"Utafika Barabara ya Chini saa ngapi?"

"Saa nane. Labda kabla. Waandikie, bibie, waandikie sasa hivi."

Alikaa mbele ya kompyuta. Akaandika neno lake la siri la herufi kumi na nne. Kompyuta ikamwambia namba imetumwa kwenye simu. Akaitazama simu. Mnara wa simu uliokuwa juu ya kilima cha Tucker ulikuwa umekufa dakika chache baada ya Merv kukata. Chini ya maandishi kulikuwa na njia nyingine, ya mwandishi peke yake, akikosa namba: picha. Akachagua taa tatu. Si sahihi. Akajiuliza kama mlingoti nao ni sehemu ya taa, akauchagua. Si sahihi. Mara ya tatu akagusa picha ya basi, maana basi analijua.

Umefungiwa kwa sababu za kiusalama. Tafadhali jaribu tena baada ya saa ishirini na nne.

Alikitamkia kioo cha kompyuta neno ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya watoto wa shule, kisha akachukua koti na funguo za pikapu.

Watu wa uokoaji walikuwa wameshaitwa mji mwingine, chini zaidi mtoni. Noelene aliifuata njia yake ya zamani ya basi, kituo kwa kituo, mkono umeganda kwenye honi. Wa kwanza wakatoka vibarazani wakidhani amerukwa na akili.

"Tokeni! Mto unakuja saa nane!"

"Mbona blogu haikusema?"

"Blogu imefungwa! Mimi ndiyo blogu! Tokeni!"

Dulcie alikuwa jikoni anapika jamu. Alimtazama Noelene mlangoni, maji yanamchuruzika, akauliza swali moja tu.

"Safari hii ni kweli?"

"Ni kweli, Dulcie."

"Basi nisaidie kuku."

Kwa Gavin Pruett alifika saa saba kasoro, kwa sababu kwake ndiko kituo cha mwisho. Maji yalikuwa yameshaingia malisho ya chini, kahawia, yakienda bila kelele. Wote wawili walifungua malango, wakapiga kelele, wakasukuma. Ng'ombe sitini walipanda. Kumi na mmoja walikuwa wameshazungukwa na maji kwenye mwinuko kando ya mto, na Gavin alisimama kwenye uzio akiwaita kwa majina yao mpaka Noelene akamvuta kwa mkanda wa suruali.

Mtu hakufa hata mmoja. Hilo Damien alilishika kama ngao wiki mbili baadaye, ukumbi ukiwa bado unanuka tope.

"Kusema kweli," alisema, kidole juu, "mfumo ulifanya kazi kama ulivyosanifiwa. Ulizuia jaribio la kuingia lisilothibitishwa."

Noelene akasimama.

"Jaribio lisilothibitishwa lilikuwa mimi, Damien. Miaka sitini na minane nautazama mto huu, na umeniwekea mlinzi asiyenijua. Ulifunga gazeti kwa kufuli na kalamu ukaifungia kwa namba za simu. Mwizi aliniharibia siku moja. Wewe umeniharibia miezi mitano, tena kwa mchoro wa rangi."

Kisha akamgeukia Gavin, na sauti ikashuka. "Lakini mimi nilijua mwezi wa kwanza tu kwamba hamsomi. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu ya neno langu la kijinga. Wale ng'ombe wako kumi na mmoja waliochukuliwa na maji, lawama ni yangu pia."

Gavin alichukua kofia yake, akatoka.

Kazi yenyewe ilichukua mchana mmoja. Thea Kostas, mkutubi, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kwa sababu hakuwa anainua kidole, alikaa na Noelene kwenye meza ya maktaba. Milango ya wasomaji waliing'oa yote: hakuna jina, hakuna namba, hakuna picha. Ukifungua, unasoma. Mlango wa kuandikia ndio waliokaza: neno la siri liwe sentensi nzima ambayo Noelene peke yake angeitunga, pamoja na kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kisichotegemea mnara wala taa za barabarani. Merv alipewa kifunguo chake, ili mmoja akikwama mwingine aandike. Maoni ya watu yanangoja mpaka Noelene ayasome kwanza. Kila saa nakala ya ukurasa inahifadhiwa kando, mwizi akirudi tena afutwe kwa dakika tano.

"Ndiyo hiyo tu?" Noelene aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu. Unachofunga ni kuandika. Kusoma hakuna cha kuiba."

Damien alijiuzulu kwa barua ya kurasa mbili, aliyoituma kwenye kamati ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Neno lenyewe alilituma kwenye namba isiyo sahihi. Hakuna aliyeisoma mpaka leo, na hakuna aliyemwomba aitume tena.

Wasomaji walirudi polepole, kisha wakazidi wa zamani. Gavin Pruett alikaa miezi miwili bila kumsalimia Noelene. Wakikutana dukani alitazama makopo ya maharage. Asubuhi moja ya Juni, baridi imeshika madirisha, alisimama nyuma yake kwenye foleni.

"Mto vipi?" aliuliza.

"Si nimeandika? Hujasoma?"

"Nimesoma. Nakuuliza wewe."

Noelene akamwambia. Mita moja nukta mbili, unashuka, maji ni safi mpaka unaona mawe. Gavin akatikisa kichwa kukubali, akalipia mkate wake, akatoka.