Usigeuke Kabla Hajakufika

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi hapa Birmingham, Uingereza, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati magoti yangu yalikuwa bado yanasikia ninachoyaambia. Nilikuwa nikicheza mpira wa Kimarekani, ule wa mpira mrefu kama papai, watu wamevaa helmeti wanagongana kama mabeberu. Usiniulize nilifikaje huko. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu ilikuwa upweke.

Niliwekwa mlinzi wa nyuma. Adui anakuja mbio ili apokee mpira, nawe unarudi kinyumenyume mbele yake, unamtazama. Akikukaribia hasa, ndipo unageuka ukimbie naye. Ukigeuka mapema, hujui tena anaelekea wapi. Basi mimi kila mara nilikuwa nageuka mapema. Kocha wetu, mzee wa Kijamaika aliyekuwa dereva wa basi, akanionya: nikirudia kwenye mechi ya kesho yake, jezi yangu anampa mwingine. Otieno, Mkenya wa timu yetu, naye hakunihurumia.

"Buda, unatoroka kama umeona landlodi anakuja kudai kodi."

Nikaenda kujizoeza uchochoroni, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, Bi Mwanakheri, kule Lozells nilikokuwa nikikaa. Shangazi huyo, Mungu amrehemu, alikuwa na pilau... mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini pilau ile ningeiandikia kitabu. Haya, turudi. Akatoka na kapu la nguo, akanijia moja kwa moja. Nikageuka.

"Mbona wanipa mgongo? Nimekufanya nini?"

"Najifunza kurudi nyuma, shangazi."

"Huko ni kukimbia. Na mtu mwenyewe hajakufika. Kwa babu yako barazani ulikuwa ukitokaje?"

Kwetu mtoto hampi mzee mgongo. Unainama kidogo, magoti umeyalegeza, unarudi kwa hatua ndogondogo, macho kiunoni mwake maana usoni humtazami.

"Basi toka hivyo," akasema, akanijia tena na kapu lake. Tulikwenda na kurudi mpaka jirani Mpunjabi akafungua dirisha atuangalie. Penye wazee hapaharibiki neno, hata neno la Wamarekani.

Kesho yake kijana mmoja mrefu wa timu ya Sutton Coldfield akanijia kwa kasi. Hofu ikaniambia geuka. Nikabaki na macho kiunoni mwake. Kichwa akakitupa kulia, mabega yakafuata, lakini kiuno kikazidi kunijia moja kwa moja. Nilipoisikia pumzi yake ndipo nikageuka, bega kwa bega, mpira ukashuka nikaupangua kwa vidole. Tulifungwa siku ile, sikufichi. Lakini jezi nilirudi nayo nyumbani, ina tope mpaka shingoni.

Mwanangu, wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nami sibishi. Ila hata kunguru hutazama kwanza jiwe linatoka wapi. Bosi akikufokea, barua ya serikali ikija, mwenzio akinuna, rudi nyuma hatua mbili tatu, si aibu. Mgongo usiupe jambo ambalo halijakufika. Litazame linavyokwenda, si linavyojitikisa, na wakati wake ukiwadia geuka kwa nguvu zako zote.

Mungu akupe magoti laini na moyo mtulivu, akukinge na unaloliona na usiloliona. Amina.